Kilo 21.4 Mgongoni: Nilivyojifunza Kupunguza Mzigo wa Kulala Mlimani na Kamera

Jua lilizama nikiwa nimebakiza mwinuko mmoja tu kufika ukingoni. Niliuona mwanga ukigeuka wa machungwa juu ya mawe, ukawa mwekundu, ukafifia hadi ukazimika, na muda wote huo mimi nilikuwa nimeinama, mikono magotini, nikitweta chini ya shanta ambalo kamera ilikuwa imefungwa katikati yake, kati ya koti la mvua na mfuko wa chakula. Nilikuwa nimepanga safari nzima kwa ajili ya dakika 10 za mwanga ule, nami nikazikosa kwa sababu ya mzigo niliouchukua ili nizipate.

Mahesabu yangu hayakuwa ya kubahatisha. Njia ilikuwa ya kilomita 11 yenye mwinuko wa mita 900, na nilikuwa nimetumia kanuni ya Mskoti William Naismith ya mwaka 1892, ambayo kwa vipimo vya leo huhesabiwa kuwa saa 1 kwa kila kilomita 5 za mwendo, ikiongezwa saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa kanuni hiyo nilipaswa kufika kwa muda wa saa 3 na dakika 40 hivi, na nikajiongezea saa nzima ya akiba. Nilitumia karibu saa 6. Naismith hakukosea, kanuni yake haina mahali pa kuandika ulichobeba.

Niliporudi nyumbani sikulifungua shanta kama kawaida. Nilipanda nalo kwenye mizani, nikapanda tena bila lenyewe, nikatoa: kilo 21.4. Mimi nina kilo 68, kwa hiyo nilikuwa nimebeba karibu theluthi ya uzito wangu, ilhali ushauri unaotolewa mara nyingi kwa wapanda milima ni kutovuka moja ya tano. Kisha nikaleta mizani ya jikoni na daftari, nikapima kitu kimoja kimoja, pamoja na vile ambavyo mtu huona haya kuvipima, kama kifuniko cha ziada cha lenzi na kitambaa cha kufutia vioo. Vifaa vya kamera vilikuwa kilo 7.3, malazi kilo 5.2, maji kilo 3, shanta lenyewe likiwa tupu kilo 2.4, nguo na vikorokoro kilo 1.9, jiko na chakula kilo 1.6. Haba na haba hujaza shanta kama ijazavyo kibaba, lakini nilipoutazama ukurasa ule niligundua kuwa tatizo langu halikuwa haba. Theluthi nzima ya mzigo ilikuwa kamera na jamaa zake.

Wanaoandika juu ya kupunguza mzigo wa kulala nje huanzia karibu wote kwenye hema, mfuko wa kulalia na shanta, na kwa msafiri wa kawaida wana haki. Kwa mpigapicha, naona mpangilio huo umepinduliwa. Ningeweza kununua hema jepesi kuliko yote duniani na bado nisingefidia uzito wa lenzi moja niliyokuwa nikiipeleka matembezi bila kuitumia.

Najua sikuitumia kwa sababu picha zenyewe ziliniambia. Kila picha ya dijitali huhifadhi ndani yake urefu wa fokasi uliotumika (milimita ambazo zikiwa chache lenzi huona upana, zikiwa nyingi huvuta vya mbali), ukubwa wa mwanya wa lenzi unaopitisha mwanga na muda ambao shata, yaani pazia la kamera, ilikuwa wazi. Nilikaa jioni moja nikipitia picha za milimani za miaka miwili, zile tu nilizokuwa nimezichagua na kuzihifadhi kama kazi iliyokamilika, jumla yake 140. Lenzi ya milimita 70–200, yenye gramu 1,480, ilikuwa imepiga picha 9. Lenzi pana ya 16–35 ilikuwa imepiga 31, na nyingi kati ya hizo zilikuwa za nyota. Zilizobaki zote zilitoka kwenye lenzi ya katikati. Jambo lililonishangaza zaidi lilikuwa mwanya. Lenzi zangu zote tatu zilikuwa za f/2.8, namba ambayo kadiri inavyokuwa ndogo ndivyo mwanya unavyofunguka zaidi, nami nilikuwa nimezinunua kwa fahari kwa sababu yake, lakini mandhari nilikuwa nikiyapiga kwa f/8 au f/11, kamera ikiwa juu ya stendi, ili mawe ya karibu na vilele vya mbali vyote vionekane vizuri.

Uzito wa lenzi hautoki hewani. Lenzi ya milimita 200 inayofunguka hadi f/2.8 lazima iwe na mwanya wa milimita 71 hivi, kwa kuwa namba hiyo ni urefu wa fokasi uliogawanywa kwa upana wa mwanya. Ya f/4 huhitaji milimita 50 tu, na ndiyo maana lenzi ya 70–200 ya f/4 huwa na takriban nusu ya uzito wa mwenzake. Nilikuwa nikipandisha mlimani vioo vinene vilivyotengenezwa kwa ajili ya mwanya nisioufungua, kisha nikifika juu naufunga.

Nikaamua kwamba kabla ya safari yoyote nitaandika kwenye daftari picha ninayokwenda kuitafuta, kwa sentensi moja, halafu vifaa vifuate sentensi hiyo. Kwa mandhari ya jioni na alfajiri nilibadilisha lenzi tatu kwa moja ya 24–105 ya f/4, yenye gramu 700. Kwa usiku wa nyota nilipata lenzi ndogo isiyovuta karibu wala mbali, ya milimita 20 na mwanya wa f/1.8, yenye gramu 380. Hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo ningependa kuambiwa mapema zaidi: lenzi hiyo ndogo ni nyepesi kwa nusu kuliko ile pana niliyoiacha, na bado huingiza mwanga zaidi ya mara 2 ya f/2.8. Kwa nyota, wepesi na ubora vilikuwa upande mmoja. Wengi hutumia kanuni ya kugawanya 500 kwa urefu wa fokasi ili kujua sekunde za juu kabisa kabla nyota hazijaanza kuchora mistari, ambayo kwa milimita 20 hutoa sekunde 25. Kwa sensa za siku hizi, yaani vipokea mwanga vya kamera, zenye nukta ndogondogo mimi naiona kanuni hiyo ya ukarimu mno, na hukomea 15. Mwanya mpana ndio unaoniruhusu kukomea hapo.

Pale ninapotaka upana zaidi kuliko milimita 24 mchana, hugeuza kamera wima na kupiga fremu 5 au 6 zinazoingiliana kwa theluthi moja, kisha huziunganisha kwenye kompyuta. Filta za kioo za kupunguza mwanga wa anga, pamoja na kishikio chao, nilizistaafisha vilevile. Napiga picha mbili, moja ya anga na moja ya ardhi, na kuzichanganya baadaye. Filta niliyoibakiza ni ya kuondoa mng'ao, kwa sababu mng'ao uliofunika jani lililolowa au uso wa maji umekwisha kuficha kilicho chini yake, na hakuna programu inayoweza kukirudisha.

Mtu anaweza kudhani kwamba kuchagua namna hii ni umaskini wa zama zetu za gramu. Mwezi Aprili mwaka 1927 mpigapicha Mmarekani Ansel Adams alipanda milima ya Yosemite, California, na kamera kubwa ya sahani za kioo, ambapo kila sahani ni picha moja, akiwa na sahani 12 tu, na alipofika mbele ya mwamba wa Half Dome alikuwa amebakiwa na 2. Ya kwanza aliipiga kwa filta ya njano, kisha akafikiri upya jinsi anavyotaka anga lionekane, akaweka filta nyekundu, na sahani hiyo ya mwisho ikawa miongoni mwa picha zilizomjengea jina. Hunijia akilini kila ninapojikuta nikisema labda nitaihitaji.

Nikiwa nimelewa ushindi wa lenzi, nikaharibu kwenye stendi. Ile ya zamani ya alumini ilikuwa na kilo 2.3 pamoja na kichwa chake, nami nikaibadilisha kwa kijistendi cha gramu 700 chenye miguu ya sehemu tano, ile ya mwisho ikiwa nyembamba kama penseli. Sebuleni kilisimama vizuri. Juu ya ukingo, usiku, upepo ukivuma kwa vipindi, nilipiga fremu 40 za sekunde 15, na kwenye kioo kidogo cha nyuma cha kamera zote zilionekana safi. Nilipozikuza nyumbani, kila nyota ilikuwa imechora alama ndogo kama mkia wa samaki, ikielekea upande uleule, fremu baada ya fremu. Hakuna hata moja iliyofaa. Kwa kuokoa kilo 1.6 nilikuwa nimebeba kilo zote zilizobaki bure.

Sasa nina stendi ya kaboni ya kilo 1.25, isiyo na nguzo ya katikati, kwa sababu nguzo hiyo ikiinuliwa hufanya stendi ya miguu mitatu kuwa ya mguu mmoja. Haifiki usawa wa macho yangu, nami nimezoea kupiga magoti. Miguu minene ikifunguliwa kwa upana na kukaa chini hutulia kuliko miguu mirefu ya bei yoyote. Zamani nilikuwa nikitundika shanta chini ya stendi ili kuipa uzito, mpaka nilipoona shanta likipokea upepo na kubembea, na kamera ikibembea nalo. Siku hizi hujaza mawe kwenye kifuko cha hema, ambacho usiku hakina kazi nyingine, nikakifunga kwa kamba fupi kiasi kwamba kitako chake kinagusa ardhi.

Kosa la pili la namna hiyo nililifanya kwenye kitanda. Godoro langu la kujaza upepo lilikuwa na gramu 700, na nikaona kipande chembamba cha sponji cha gramu 200 kingetosha kwa usiku mmoja. Nilikuwa na mfuko mzuri wa kulalia, nikajiambia kuwa baridi ni suala la mfuko. Nilichosahau ni kwamba mfuko huhifadhi joto kwa hewa iliyonaswa ndani ya nyuzi zake, na upande unaoulalia nyuzi hugandamizwa hadi hewa ikaisha, kwa hiyo chini yako mfuko ni kitambaa tu na ardhi hukunyonya joto usiku kucha. Hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda, na nilikuwa nimepanda mita zangu. Kufikia saa tisa usiku nilikuwa nimevaa kila nguo niliyobeba, nimekalia shanta tupu, nikihesabu dakika. Alfajiri ilikuja nzuri kuliko nyingi nilizowahi kuziona, na vidole vyangu havikuweza kuzungusha pete ya lenzi.

Tangu hapo nimeacha kuhesabu malazi kama anasa inayoshindana na kamera. Mpigapicha asiyelala hapigi picha alfajiri, au huzipiga akiwa mjinga. Nilinunua godoro la upepo lenye tabaka la kuzuia baridi ndani yake, gramu 450, baada ya kusoma kwanza kipimo chake cha R, ambacho kadiri kinavyokuwa kikubwa ndivyo godoro linavyozuia joto lisipotee ardhini, na ndipo nikatazama uzito. Mfuko wa nyuzi za viwandani wa kilo 1.6 niliubadilisha kwa wa manyoya ya bata wa gramu 900. Manyoya yakilowa hunywea na kupoteza joto lake, kwa hiyo mfuko huo husafiri ndani ya mfuko mwingine usiopitisha maji, na sitanii nao. Hema la watu wawili lenye kilo 2.9 limempisha jingine la mtu mmoja linalosimamishwa kwa fimbo za kutembelea badala ya nguzo zake, gramu 950 pamoja na vigingi. Ni la kubana. Asubuhi lina umande ndani, na mtu mrefu asinisikilize.

Baridi hiyohiyo hula betri. Betri za lithiamu hutoa umeme kwa mwendo wa kemikali ambao hupungua kasi joto linaposhuka, na ndiyo maana kamera yangu ilizimika usiku mmoja ikionyesha kuwa bado ina asilimia 40. Niliitoa betri, nikaikumbatia kwapani kwa robo saa, na ikafufuka. Kabla ya kulielewa hilo nilikuwa nikibeba pawabenki na nyaya zake, gramu 350. Kwa usiku mmoja nabeba betri 2 za akiba, gramu 80 kila moja, ambazo hushinda mfukoni mwa shati na kulala nami ndani ya mfuko wa kulalia. Kamera yenyewe siilazi humo. Kitu baridi kikiingizwa kwenye hewa yenye joto na pumzi hufunikwa na umande, hata ndani ya lenzi, basi huiacha pembeni ya hema ikiwa imezibwa ndani ya mfuko wa plastiki, ili umande ukitaka kutua utue juu ya plastiki.

Kuhusu maji sina mengi. Lita moja ni kilo moja, na nilikuwa nikipandisha lita 3 huku nikiruka vijito viwili njiani. Sasa nabeba lita moja na kichujio kidogo cha gramu 90, nakunywa hadi kushiba pale ninapochotea, na pale ambapo ramani haina kijito cha kuaminika nabeba lita zote bila kunung'unika. Jiko ni la gesi, na sufuria moja tu, mtungi ukiwa ule mdogo wa gramu 100 za gesi. Butani huacha kugeuka mvuke joto likishuka chini ya nyuzi 0 kidogo, kwa hiyo usiku wa baridi mtungi nao hupata nafasi karibu na miguu yangu pamoja na betri. Mwenzangu mmoja wa safari huita mfuko wangu wa kulalia wodi ya wagonjwa.

Shanta nililibadilisha mwisho kabisa, na nashukuru kwamba sikutangulia nalo. Mtu akianza kwa kununua shanta dogo atajikuta akining'iniza vitu nje kama mti wenye matunda, na vinavyoning'inia huvuta mgongo nyuma. Vitu vyangu vilipokuwa vimepungua ndipo nilipoona kwamba lita 45 zinatosha, nikapata la kilo 1.1, lenye mkanda wa kiunoni unaokaa kwelikweli juu ya nyonga. Begi la sponji la kuhifadhia kamera, gramu 600, halikuwa na mahali tena. Lenzi ya nyota husafiri imeviringishwa ndani ya sweta ambayo ningeibeba kwa vyovyote, na kamera hukaa kifuani, imebanwa kwenye mkanda wa shanta kwa klipu ya chuma. Klipu hiyo na mkanda wake vina gramu 90, na sijui kifaa kingine chochote cha uzito huo kilichoniletea picha nyingi zaidi, kwa kuwa kamera iliyo shantani hupiga picha za kambini tu, na ya kifuani hupiga na za njiani.

Mwaka uliofuata nilirudi kwenye ukingo uleule. Mizani ilisema kilo 10.8, maji yakiwa ndani, na nilifika kwa muda wa saa 4 na dakika 5, jua likiwa bado juu. Kwa kuwa sikuwa nimechoka nilizunguka, na nyuma ya mawe niliyokuwa nimeyategemea kwa mbele ya picha nilikuta kidimbwi cha maji ya mvua ambacho kisingeonekana kutoka njiani. Jioni mawingu yaliziba kila kitu. Alfajiri yalipasuka kwa dakika chache, na kidimbwi kikashika rangi yote ya anga; nilipiga kwa milimita 35, f/11, magoti yakiwa kwenye matope.

Nilipokuwa nikikunja hema, watu wawili walitokea kwenye ukingo wa pili, wadogo, wakitembea mmoja nyuma ya mwingine mbele ya ukungu uliojaa mwanga. Milimita 105 haikuwafikia. Niliwapiga hivyohivyo, na nyumbani nikaikata picha hadi megapikseli zake 24 zikabaki kama 6, ambazo zinatosha kwa chapa ndogo ya ukutani lakini si zaidi. Lenzi kubwa bado ipo kabatini. Kila ninapofunga shanta huitoa, huiweka juu ya mizani ya jikoni, gramu 1,480 zilezile, kisha huirudisha.